Sanaa ya Mvua Hapa Amu: Maswali Tunayoulizwa Kila Masika

Kila mwezi wa nne, upepo wa kusi ukishashika na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Shela, watu hutusimamisha njiani kutuuliza maswali yale yale. Sisi ni majirani wachache wa Mji Mkongwe wa Lamu, ambao wenyewe twauita Amu: mwalimu mmoja, fundi wa mashua, mafundi bati wawili, kina mama wa mtaa, na watoto wasiohesabika. Tunatengeneza vitu vya kuchezwa na mvua. Haya hapa majibu, ili yule aliyeuliza jana na atakayeuliza kesho wapate neno moja.

## Mambo ya mwanzo

Sanaa ya mvua ni nini hasa?

Ni kazi ya sanaa iliyowekwa mahali pa watu wote, na haikamiliki mpaka maji yaiguse. Wakati wa kiangazi utaiona ni bati lililopinda au jiwe tupu. Mvua ikishuka ndipo inapolia, inapozunguka, inapotoa maandishi. Wala hutazami ukiwa umesimama mbali, mikono nyuma. Unaingia, unagusa, unaloa. Asiyeloa hata kidogo amekosa nusu ya kazi.

Ina tofauti gani na chemchemi ya mapambo?

Chemchemi ya mapambo inataka uitazame, hii inataka uicheze. Tena chemchemi hurusha maji kwa pampu mvua inyeshe isinyeshe, ilhali kazi zetu hazina pampu wala waya wa umeme. Mpaka wenyewe si wa ukuta, lakini. Zipo chemchemi zilizogeuka uwanja wa watoto, kama utakavyoona katika jibu linalofuata.

Wenzetu duniani wamefanya nini?

Mengi, na inafaa kuyajua ili tusijidhani wa kwanza. Inayotajwa zaidi ni Rain Room ya kundi la Random International, iliyoonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 2012, ikaenda New York mwaka 2013, na tangu 2018 ina jengo lake la kudumu Sharjah. Unaingia katika chumba cheusi mvua ikimwagika kutoka darini. Kamera zinakufuata, na kila unapokanyaga matone hukatika juu yako tu, hivyo unapita katikati ya mvua ukiwa mkavu. Anayekimbia huloa, maana mashine haiwahi kumfuata. Hiyo ya kukulazimisha utembee polepole ndiyo sehemu ninayoipenda.

Chicago, mwaka 2004, Jaume Plensa alisimamisha minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja kama mita 15, ikionyesha nyuso za wakazi wa mji wapatao 1,000, uso mmoja baada ya mwingine. Kila uso hukunja midomo kisha ukatema maji, na watoto wamejipanga chini wakingoja. Jeppe Hein wa Denmark hujenga vyumba vyenye kuta za maji: ukuta unapanda, unashuka, unajikuta umefungiwa ndani na mtu usiyemjua, mnacheka. Bordeaux, Ufaransa, kuna uwanja wa mawe uliofunikwa maji ya kina cha sentimita 2 tu tangu 2006, na watoto hutambaa humo.

Ila zile zilizotugusa sisi ni mbili. Ya kwanza ni ukuta wa nyumba mjini Dresden, Ujerumani, uliotandikwa mabomba na faneli kama tarumbeta zilizosukwa pamoja, ili maji ya paa yateremke kwa kelele za furaha. Ya pili ni kinanda cha bahari cha Zadar, Kroatia, alichokisanifu Nikola Bašić mwaka 2005: ngazi za mawe zenye urefu wa mita 70 kando ya maji, na chini yake mabomba 35 yanayopuliziwa hewa na mawimbi. Hakuna mpigaji. Bahari inajipigia. (Kama unawaza kukileta Amu, soma kwanza jibu la kinanda cha bahari huko chini.)

Basi si jambo la kigeni mnalotuletea?

Swali hili wazee ndio huliuliza, na tunalipenda. Nenda nyumba yoyote ya zamani hapa Amu uone birika la maji, yaani tangi lililojengewa ndani ya nyumba. Waliozijenga nyumba hizo walitia vijisamaki humo wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa wakapachika sahani ya kaure kutoka China, ili maji yakikaribia kwisha samaki wabaki na pa kukaa. Hebu fikiri: mtu anachota maji ya kutawadha, na chini anamwona samaki akizunguka ndani ya sahani yenye maua ya buluu. Hiyo ni kazi ya maji yenye manufaa, yenye urembo na yenye mchezo, na haikungoja makumbusho ya London.

Kisha kuna jabia za visiwa vyetu vya Pate, Ndau na Kiwayu: uwanja mpana uliosakafiwa na kuinamishwa kidogo, unaokusanya mvua na kuipeleka katika tangi. Ukiisimamia jabia wakati mvua inapoanza, utaona maji yakijichora vijito juu ya sakafu kabla hayajakutana mlangoni mwa tangi. Na tangu lini watoto wa Amu wameacha kuoga mvua chini ya mchirizi? Sisi tumeongeza bati tu.

## Maji yenyewe

Maji ya kunywa ni shida, nanyi mnayachezea?

Hapa tuseme wazi: hatutumii hata kata moja ya maji ya bomba au ya kisima. Maji matamu ya Amu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake kama tabaka. Ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi. Kila anayejenga juu ya vile vilima anajenga juu ya mtungi wetu, na hilo hatutachoka kulisema.

Tunachotumia ni mvua ambayo ingemwagika mtaroni. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 6, mvua ya milimita 20, ni lita 960, yaani mitungi 48 ya plastiki ya lita 20 kutoka paa moja kwa mvua moja. Baada ya kupita katika faneli zetu na kuimba, maji hayo huishia pipani, na mwenye nyumba hufulia na kumwagilia.

Je, si israfu kidini?

Tuliuliza kabla ya kufunga bati la kwanza, maana israfu ya maji yakatazwa hata katika kutawadha. Jibu tulilopewa ndilo tunalolifuata: maji yakitumika na kisha yakahifadhiwa, hayakupotea. Kwa hiyo kila kazi yetu ina pipa mwishoni. Ukiona yenye jina letu na haina pipa, tuambie.

Maji ya pipa yanaweza kunywewa?

Hapana. Paa lina kinyesi cha kunguru na vumbi la miezi. Mvua ya kwanza huwa tunaimwaga yote, na hata inayofuata ni ya kufulia.

Vipi kuhusu mbu?

Hili tunalishikilia kuliko yote. Mwaka 2004 Amu ilipata mlipuko mkubwa wa chikungunya, na watu wengi wanakumbuka yale maumivu ya viungo: mtu anainuka kitandani kwa kushikwa. Waliochunguza walikuta ukame ulichangia, kwa sababu watu walihifadhi maji majumbani muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu wa *Aedes* wanapenda mno maji safi yaliyotulia. Si mvua iliyotuponza, ni maji yaliyolala.

Mbu huhitaji siku 7 hadi 10 hivi kutoka yai mpaka kuruka. Basi kila chombo chetu ama kinajimwaga chenyewe, ama kimefungwa chandarua, ama kinamwagwa kila baada ya siku 4. Kila mtoto wa kikundi ana chombo chake cha kukagua. Hapo pa samaki wa birika, wazee walikuwa na akili kutuzidi.

## Kazi zenyewe zinavyofanya kazi

Ule mtungi unaolia umezikwaje?

Huu ndio unaoulizwa kuliko yote, basi niueleze taratibu. Wajapani wana kitu wanachokiita suikinkutsu: mtungi uliozikwa kichwa chini, tundu dogo juu, na ndani yake maji kidogo. Tone linapita tunduni, linaanguka, na mlio wake unasikika kama kengele ndogo iliyo mbali.

Siri ni hewa. Tone likigonga maji hufungia kipovu chini ya uso, na kipovu hicho ndicho kinachotetema na kutoa sauti. Mtungi huizungusha sauti hiyo ndani ya tumbo lake kabla haijatoka. Kwa hiyo maji ya ndani yasizidi vidole vitatu au vinne: yakiwa mengi tumbo linakosa nafasi, yakikauka tone linapiga udongo na kutoa mlio mfu.

Wetu ni mtungi wa udongo wa kawaida, wenye ufa mdomoni, ambao hakuna aliyeutaka. Tulitoboa tundu kitakoni kwa msumari, polepole, kwa nusu siku nzima, tukimimina maji ili udongo usipasuke. Tukachimba shimo, tukaweka kokoto chini na besini pana la maji juu yake, tukaufunika mtungi humo na kuuzungushia kokoto, kisha juu tukapanga mawe ya matumbawe yenye nafasi. Maji ya besini yakizidi kimo hufurika na kuzama kwenye kokoto, na kila upande umezibwa kwa chandarua.

Siku ya kwanza bibi mmoja jirani alikuja kutazama tunachimba nini. Alivua ndara, akapiga magoti, akaliweka sikio juu ya jiwe, buibui lake limeenea chini limeloa matope. Alikaa vile kimya, mpaka wajukuu wakaanza kuogopa. Kisha akasema, "Mai yaimba." Hakuinuka mpaka aliposikia matone mengine matatu.

Na zile faneli za ukutani?

Haziko ukutani, tazama jibu la ruhusa. Zimefungwa kwenye boriti zilizosimama peke yake, sentimita chache mbele ya ukuta. Ni bati lililokatwa na kukunjwa na mafundi wa taa na ndoo. Bomba refu hutoa sauti nzito, fupi hutoa nyembamba, nasi tumezipanga hivyo. Mwisho wa kila bomba maji hugonga kitu: sufuria iliyotoboka, kombe la chaza, kipande cha kifuu. Sauti ya kifuu ndiyo inayonifurahisha, ni kavu hata ikiwa imeloa.

Maungio yalivuja mwaka mzima mpaka fundi wa mashua alipotucheka. Akaleta pamba na mafuta, akazitia kalafati kama anavyotia chomboni. Tangu hapo tone halipotei.

Maandishi yanayojitokeza mvua ikinyesha ni uchawi gani?

Ni saruji tu. Saruji ikiloa huwa nyeusi. Ukichora herufi kwa dawa isiyopitisha maji, penye dawa hapaloi na hubaki peupe, na hivyo maneno huonekana kwenye mvua tu. Wasanii wa Seattle na Boston, Marekani, wameandika hivyo kwenye njia za miguu, Boston wakaandika mashairi. Inadumu miezi kadhaa hadi mwaka, kulingana na miguu inayopita. Penye kwato za punda gawanya hesabu hiyo.

Sisi huandika vitendawili bila jibu. Jibu liko kwenye bamba la mtaa unaofuata, kwa hiyo ni lazima ukimbie kabla njia haijakauka. Tunaandika kwenye mabamba ya saruji yanayohamishika, kamwe si kwenye ukuta wala kizingiti cha mtu.

Onyo moja: watoto wamegundua kwamba nta ya mshumaa hufanya kazi ile ile. Ni kweli, ila nta juu ya njia iliyoloa ni utelezi wa kuvunja kiuno. Tumieni kwenye karatasi na vipande vya vigae tu.

Miavuli ya rangi juu ya vichochoro, kama Águeda ya Ureno?

Inapendeza kwenye picha, na wageni wengi huipendekeza. Lakini kule miavuli inatoa kivuli wakati wa jua. Hapa kusi ingeing'oa wiki ya kwanza, na mvua tunaitaka ishuke.

Kwa nini hamjengi kinanda cha bahari pale gatini?

Tumekiota sana. Shida ni kwamba Zadar maji hupanda na kushuka kidogo mno, kwa hiyo midomo ya mabomba hukaa mahali pamoja na mawimbi. Hapa bamvua hupanda kiasi cha mita 3. Bomba lililo sawa maji yakijaa litakuwa hewani yakipwa, na kinyume chake. Mlangoni mwa mji pia mawimbi ni madogo, kwa kuwa kisiwa cha Manda kinatukinga. Juu ya hayo kuna chaza: chombo chochote kikikaa majini bila deheni kinaota magamba, na bomba lenye magamba halipigi.

Fundi wetu anafikiria kitu kinachoelea, kinachopanda na kushuka pamoja na maji. Amekwisha kata mbao. Tusimharakishe.

Mnatumia plastiki?

Iliyookotwa tu. Hapa Amu ndiko ilikoundwa Flipflopi, ile mashua ya karibu mita 9 iliyotengenezwa kwa tani 10 hivi za plastiki zilizokusanywa na kuvishwa ndara kuukuu 30,000. Ilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri mpaka Unguja. Baada ya kuiona, fundi hana tena haki ya kusema takataka hazifai kitu.

## Mahali, ruhusa na majirani

Nataka kuweka kazi mbele ya nyumba yangu. Nianzie wapi?

Anza na jirani, kabla ya ofisi. Kisha mzee wa mtaa, na kamati ya msikiti kama kuna msikiti karibu, ili sauti isiingiliane na sala. Halafu kaunti na Makumbusho, maana Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na huwezi kuugusa utakavyo.

Usipige msumari ukutani. Kuta zetu ni matumbawe na chokaa, na zinapumua. Ukizipaka saruji au kuziba kwa dawa, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujitokeza, na lipu huanguka mapande. Ndiyo maana kila tulichofanya kinasimama kwa miguu yake na kinaweza kuondolewa kwa asubuhi moja.

Mbona mliiondoa ile ngoma ya madebe?

Ilikuwa kosa letu. Tuliweka madebe 12 chini ya mchirizi, mchana yakapigiwa makofi. Usiku mvua ikanyesha saa 6 mfululizo, na nyumba iliyokabili ilikuwa na mzazi wa siku 9. Hakuja kugombana. Asubuhi alimtuma mwanawe na chapati, na ombi. Tuliyahamisha siku ile ile mpaka uwanja wa mpira, na sasa kila kazi ya sauti ina kifuniko cha kufungwa baada ya isha.

Mnachonga sanamu za watu au wanyama?

Hatuchongi. Si desturi ya mji huu, na hatujaona upungufu. Milango yetu imejaa minyororo, mawaridi na mawimbi, na ruwaza hizo zikitobolewa kwenye bati, maji hupita humo yakateremka kama pazia.

Mahali salama pa kuchezea ni wapi?

Penye maji ya paa, kamwe si ya mtaro. Mvua kubwa ikifurisha mitaro ya vichochoroni, maji yale yana uchafu wa vyoo na punda, na hakuna sanaa itakayoyasafisha. Radi ikisikika, kila mtu ndani, na boriti zile zenye bati hazikaribiwi.

Naweza kupiga picha?

Bati piga utakavyo. Watu waombe kwanza, hasa kina mama walioloa. Mtoto hapigwi bila mzazi wake kukubali.

## Hali zisizo za kawaida

Mimi ni mgeni, nakuja Desemba au Agosti. Nitaona nini?

Pengine bati kavu. Mvua nyingi ya Amu hushuka Aprili hadi Juni, Mei ikiongoza, na vuli ya Oktoba mpaka Desemba ni hafifu huku. Mei hoteli nyingi za Shela hufungwa, mashua za matembezi huvutwa pwani, na vijana wengi hukosa kazi. Tuliuchagua mwezi huo kwa makusudi. Mji una mengi ya kuonyesha wageni wakati wa kaskazi, na tulitaka uwe na kitu chake wenyewe wakati wamekwenda. Ukija Mei, karibu sana, utakaa barazani na wenyeji.

Mnaweza kumwaga ndoo kidogo tuone inavyofanya kazi?

Hapana, na tusamehe. Tazama jibu la maji ya kunywa.

Kuna kitu kwa asiyeona?

Kazi zetu nyingi ni za masikio. Mzee mmoja asiyeona ndiye anayetupangia urefu wa mabomba, kwa kuwa anasikia tofauti ambayo sisi tunaikisia.

Tuko Malindi. Hayo yanafaa kwetu?

Faneli na mabamba yanafaa kabisa. Lakini nyinyi mna mto Sabaki, ambao mvua ikinyesha bara huigeuza bahari yenu rangi ya udongo. Ningekuwa Malindi ningefanya kitu na ile rangi: vyombo vya kioo vilivyopangwa pwani, kimoja kikijazwa kila siku ya masika, matope yakitulia kila kimoja kwa kimo chake.

Mtungi unasikika vizuri saa ngapi?

Si wakati wa mvua. Mvua ikiwa kali utasikia mabati tu. Ngoja ikatike, ngoja tena kama robo saa mpaka michirizi iache kukimbia na ianze kudondoka. Vua viatu, mawe yanateleza. Utawakuta watoto wamekwisha fika, na watakuonyesha jiwe la kuweka sikio: ni la pili kutoka kushoto, lile lililolainika.